Baraza Lisilo na Mtaa: Uhakiki wa Masimulizi ya Historia ya Hoteli ya Norfolk, Nairobi

Hoteli ya Norfolk ilifunguliwa siku ya Krismasi ya mwaka 1904, miaka mitano baada ya reli kufika Nairobi. Karibu kila andiko kuhusu hoteli hiyo huanzia hapo, na karibu kila moja huendelea kwa namna ileile: walowezi waliofika kwa farasi, jina la utani la "Nyumba ya Malodi", msafara wa uwindaji wa Theodore Roosevelt mwaka 1909, kisha orodha ndefu ya wageni mashuhuri. Makala hii inahakiki utanzu huo, yaani historia ya hoteli kongwe kama inavyoandikwa katika vijitabu, vitabu vya picha na miongozo ya wasafiri. Hoja yake ni kwamba utanzu huu una kanuni zake za kisanaa, na kwamba kanuni hizo, hata pasipo nia mbaya ya mwandishi, huamua ni nani anayeweza kuwa mhusika.

Kanuni ya kwanza ni ya mlango. Anayeingia hutajwa, anayepita nje hatajwi. Anayefungua mlango naye huonekana kwa nadra, na akionekana huwa ni sare na tabasamu. Ndiyo maana maandishi haya husomeka kama daftari la wageni lililotiwa viungo. Kuna habari moja inayopenya ukuta huu kidogo, ile ya Abraham Block. Alikuwa mhamiaji Myahudi aliyefika Nairobi akiwa na mali chache. Hoteli ilipokuwa ikiandaliwa kufunguliwa alipewa kazi ya kutengeneza magodoro, na mwaka 1927 akainunua. Ni kisa kizuri, na waandishi wanastahili kukisimulia. Hata hivyo, kinavutia kwa sababu kinamchukua fundi wa magodoro na kumwingiza ndani kama mmiliki. Mafundi wengine waliobaki mafundi hawana kisa.

Kanuni ya pili inahusu lugha. Kiswahili kimekuwamo ndani ya hoteli hiyo tangu mwanzo, lakini kilikuwa kile kilichoitwa Kisetla: Kiswahili cha amri, chenye vitenzi vichache na adabu chache zaidi, ambamo mtu mzima mwenye wajukuu aliitwa "boi". Masimulizi ya Kiingereza hukitaja kama kichekesho cha enzi zile. Kwa wataalamu wa Kiswahili si kichekesho. Ni hatua katika historia ya lugha yenyewe, na hoteli ilikuwa mojawapo ya mahali ilipotumika. Inafaa kukumbuka pia kwamba neno "hoteli" katika miji mingi ya Kenya humaanisha kibanda cha chai na chapati. Wasemaji walilichukua neno la mabwana wakalipeleka mahali ambapo wao wenyewe wangeweza kuketi.

Kanuni ya tatu ndiyo nzito, nayo inahusu baraza. Baraza la mbele la Norfolk, ambalo kwa miaka mingi lilibeba jina la Lord Delamere, ndilo sehemu ya jengo inayopendwa kuliko zote na waandishi. Husifiwa kwa kivuli, kwa vinywaji, kwa mandhari. Katika nyumba za pwani, baraza ni mahali ambapo nyumba na mtaa hukutana: mwenye nyumba huketi, mpita njia husalimu, na salamu hujibiwa. Baraza la Norfolk lilikuwa mahali pa kuutazama mtaa tu.

Tarehe 16 Machi 1922 mtaa ule ulijaa watu. Siku mbili kabla, serikali ya kikoloni ilikuwa imemkamata Harry Thuku, kiongozi wa East African Association, aliyepinga kipande, kodi na kupunguzwa kwa mishahara ya Waafrika. Umati ulikusanyika kudai aachiwe, nje ya kituo cha polisi alikozuiliwa, hatua chache tu kutoka hotelini. Wajumbe wa kiume waliporudi kutoka kuonana na wakubwa wakiwataka watu watawanyike, Mary Muthoni Nyanjiru aliinua nguo yake, tusi zito mno kwa mila ya Wagikuyu, akawaambia wanaume wampe suruali zao wavae gauni lake. Umati ukasonga mbele. Polisi wakafyatua risasi. Nyanjiru alikuwa miongoni mwa waliouawa mwanzo. Taarifa rasmi ilitaja vifo 21. Masimulizi ya Waafrika hutaja idadi kubwa zaidi, hata zaidi ya 100. Masimulizi hayo, yaliyopokewa na wanahistoria kadhaa, husema kwamba walowezi waliokuwa kwenye baraza la Norfolk nao walifyatua bunduki.

Hapa utanzu unakwama. Pale tukio hili linapotajwa, sentensi hugeukia kauli ya kutendwa: risasi zilifyatuliwa, watu walipoteza maisha. Mtenda hupotea katika sarufi. Linganisha na namna mlipuko wa bomu wa tarehe 31 Desemba 1980 unavyosimuliwa. Uliua watu wapatao 20 na kubomoa sehemu ya hoteli, na ulihusishwa na msaada wa Kenya kwa Israel katika uvamizi wa Entebbe wa 1976. Katika habari hiyo mtenda husakwa, sababu huelezwa, na kujengwa upya kwa jengo husifiwa. Vifo vya 1980 vilitokea ndani ya daftari la wageni. Vya 1922 vilitokea barabarani.

Kumbukumbu ya barabarani ilihifadhiwa na tanzu nyingine. Wimbo wa Kanyegenuri ulibeba jina na ujasiri wa Nyanjiru. Ngũgĩ wa Thiong'o aliurudisha mkutano wa 1922 katika riwaya yake ya mwaka 1967, A Grain of Wheat, na baadaye katika insha kuhusu siasa za nafasi ya maonyesho akaisoma hoteli pamoja na majirani zake: Jumba la Michezo ya Kuigiza la Taifa, chuo kikuu, kituo cha polisi. Mwaka 1976, tamthilia ya Kimathi aliyoiandika na Micere Githae Mugo ilipoonyeshwa kwenye jumba hilo, watazamaji waliungana na waigizaji katika ngoma iliyotoka hadi nje. Usomaji wa Ngũgĩ una upungufu wake: humo hoteli inakuwa ishara tupu, na wafanyakazi wake hawasikiki humo pia. Lakini angalau anaanza na barabara.

Suala hili si la wahakiki peke yao. Sheria ya Makumbusho ya Taifa na Urithi ya Kenya ya mwaka 2006 inaruhusu majengo kutangazwa kuwa urithi unaolindwa, na maelezo yanayoambatana na uamuzi wa aina hiyo huandikwa kwa kutegemea vyanzo vilivyopo. Vyanzo vikiwa ni vijitabu hivi, kitakacholindwa ni paa, nguzo na majina ya wageni. Washauri wa sera wanaoandaa maelezo hayo wana chanzo kimoja kilicho wazi kwa kila mpita njia: anwani. Norfolk iko kwenye Barabara ya Harry Thuku.