"Betri ya Chini": Uhakiki wa Lugha ya Maelekezo ya Kitambua Moshi

Miongoni mwa tafsiri zinazostahili kutazamwa kwa makini ni zile za karatasi za maelekezo zinazofungwa pamoja na vyombo vya umeme. Makala haya yanakusudia kuhakiki lugha ya chombo kimoja tu, nacho ni kile kitundikwacho darini ili kipige king'ora kinapohisi moshi. Chombo ni kidogo, lakini jambo lenyewe si dogo. Usiku wa kuamkia Septemba 14, 2020, bweni la Shule ya Msingi Byamungu Islamic, wilayani Kyerwa, Mkoa wa Kagera, liliteketea na wanafunzi 10 wakafariki. Hatudai kuwa chombo hiki kingeuzuia msiba ule. Twasema tu kwamba mlezi wa bweni au mwalimu wa Nyabusozi atakayekabidhiwa chombo cha namna hii hana budi kuyaelewa maelekezo yake mara moja, na pengine kwake Kiswahili ni lugha ya pili baada ya Kisubi au Kihangaza.

Tuanze na jina. Wako wanaopendekeza "king'amuzi cha moshi". Neno hili limekwisha kuchukuliwa: tangu matangazo ya televisheni yalipoanza kuhamia dijitali mwaka 2012, king'amuzi ni kile kisanduku cha televisheni. Wengine hupenda "kinusa moshi", jina tamu lenye kueleweka upesi. Kasoro yake ni kwamba linataja namna ya kufanya kazi isiyo ya kweli, kwa kuwa vyombo vingi vya aina hii huuona moshi kwa mwanga, wala havinusi. "Kitambua moshi" hakielemei upande wowote, tena kinafuata njia iliyokwisha kuzoeleka ya kipaza sauti, kinasa sauti na kipima joto.

"Kisicho na waya" nacho kinahitaji maelezo. Msomaji aweza kudhani kuwa chombo hakihitaji umeme wowote, ambapo maana iliyokusudiwa ni kuwa kinapeleka habari kwa mawimbi ya redio, kama ilivyokuwa simu ya upepo katika ofisi zetu. Chombo kisichounganishwa na nyaya za umeme hutegemea betri kwa kila kitu. Kwa hiyo yafaa maelekezo yaseme hivyo waziwazi.

Kosa kubwa zaidi ni "betri ya chini". Katika Kiswahili, "ya chini" hutaja mahali au daraja: ghorofa ya chini, mahakama ya chini. Mtu mwenye chombo cha betri mbili zilizopandana atabadili ile iliyo chini na kuiacha ya juu, kisha atashangaa onyo likiendelea. Wala "betri imekwisha" si sahihi, kwa sababu onyo hutolewa kabla betri haijafa, ili mtu apate nafasi ya kununua nyingine. Kinachofaa ni "betri dhaifu" mahali penye nafasi finyu, na "betri inakaribia kwisha" penye nafasi ya kutosha.

Aidha, tafsiri nyingine huita "kengele" sauti mbili zisizofanana: ule ukelele mkali wa moshi, na kile kilio kifupi cha betri kinachosikika kila baada ya sekunde 30 hadi 60 hivi. Matokeo yake ni ya hatari. Asiyezitofautisha ama atawatoa watoto nje usiku bila sababu, ama atazoea, achoke, aitoe betri na kuitia katika redio. Siku moshi utakapokuja, chombo kitakuwa kimya. Basi ya kwanza na iitwe "king'ora", na ya pili "mlio wa betri".

Mwisho, "weka upya". Msomaji huchomoa betri ile ile na kuipachika tena, naye ametii kama alivyoambiwa. Kilichokusudiwa ni kukirudisha chombo katika hali yake ya awali. Tunapendekeza maelekezo ya mlio usiokoma yaandikwe hivi:

"Tafuta chombo kinachotoa mlio. Toa betri, kisha bonyeza kitufe cha kujaribia kwa sekunde 15 au zaidi ili umeme uliobaki uishe. Futa vumbi kwa kitambaa kikavu. Tia betri mpya ya aina iliyotajwa na mtengenezaji, na funga kifuniko barabara. Bonyeza tena kitufe uhakikishe king'ora kinalia. Mlio wa betri ukiendelea, tazama tarehe iliyoandikwa nyuma: chombo kilichotimiza miaka 10 hubadilishwa chote."

Maneno hayo hayana hata istilahi moja ngumu. Kazi ya mfasiri hapa si kutafuta neno la kulingana na kila neno la kigeni, bali kujiuliza mkono wa msomaji utafanya nini baada ya kusoma. Tafsiri inayoutuma mkono kwenye betri isiyohusika si sanifu, hata kama kila neno lake limo katika kamusi.

Walimu, wafasiri na watumishi wa serikali wenye maneno bora kuliko haya, hasa yale yanayotumika tayari vijijini, wanaombwa wayalete yajadiliwe.