Zone neutre ya Lubumbashi: jicho la juu na miguu ya chini

Bandugu, jina la Sammy Baloji tunalijua wengi, lakini kazi yake «Essay on Urban Planning» (2013) tunaipitishaka tu ku simu bila kuisoma. Mimi nasema ni somo la kupanga mji kupita plani nyingi.

Ni picha 12 za rangi pamoja na picha moja ya zamani. Zingine zimepigwa toka hewani: zinaonyesha ule ukanda, zone neutre, uliotenganisha mji wa wazungu na sité ya weusi ku Élisabethville. Zingine ni masanduku ya wadudu ya musée ya Lubumbashi. Ile ya zamani ni ya 1929: wafanyakazi wawili na malundo ya inzi. Mfanyakazi alipashwa kuleta inzi 50 kila siku ndipo apate posho. Banasema ukanda ulikuwa juu ya afya, mbu asivuke. Kumbe aliyezuiwa ni mtu. Hapo Baloji amepiga penyewe.

Ila niko na neno moja. Jicho la toka hewani ni lile lile la aliyechora ukanda. Toka juu naona mabati, barabara na miti. Simuone mama anayeuzisha makala, wala sisikie vile watu wa Kamalondo wanasimuliaka zamani zao.

Na njo vile urithi wa mji unapangwaka mara nyingi hata leo. Plani inachorwa kwanza, kisha watu wanaitwa, wanapewa sukré, wanatia saini, inaandikwa «wamekubali». Ile hapana kushirikisha, ni kutafuta muhuri.

Ukanda ule una mabishano. Mmoja anaona kiwanja cha kujenga. Mwingine anaona alama ya dharau isiyopasa kufutwa. Mwingine yuko na biashara yake pale, ukimtoa watoto wanalala njaa. Kuwaleta pamoja hapana kuwalazimisha wakubaliane. Ni kuwasikiliza mbele ya kalamu kugusa karatasi, kuandika mabishano yao vile yalivyo, na kumwachia anayepoteza zaidi nguvu ya kusema hapana.

Sisi tunaoandika TFC na mémoire juu ya mji, tuanze kwa miguu. Drone itafuata. Na wewe, ku komini yako, nani aliulizwa?