Ruhusu au Ghairi?

Tunahakiki riwaya na filamu, lakini maandishi tunayokutana nayo kila siku ni yale ya vijisanduku vya kompyuta: Ruhusu? Ghairi? Una uhakika? Hayo nayo yaliandikwa na mtu, na mtu huandika vibaya.

Chukua Windows Vista. Ilipotoka Januari 2007 nilikuwa bado shule ya msingi. Ilikuja na kizuizi kinachoitwa UAC: kabla programu haijagusa sehemu nyeti za mfumo, skrini inafifia na unaulizwa kama unakubali. Wazo lenyewe halikuwa baya. Kwenye Windows XP wengi walitumia kompyuta wakiwa na mamlaka yote, kwa hivyo virusi vikiingia, navyo vinapata mamlaka hayo hayo. Ni kama kumpa kila mgeni funguo za nyumba nzima ati kwa sababu amekuja kunywa chai.

Lakini maswali yalizidi. Hata kufuta aikoni fulani kwenye skrini kulihitaji ruhusa. Apple wakatengeneza tangazo la kuicheka Vista: mlinzi wa suti na miwani myeusi akidakia kila neno la mwenzake. Halafu mwaka 2008, David Cross wa Microsoft akasema wazi kwenye mkutano wa usalama kule San Francisco kwamba UAC iliwekwa ili kuwaudhi watumiaji. Makelele yao yangewasukuma watengenezaji wa programu waache kudai mamlaka wasiyoyahitaji.

Mbinu hiyo ilizaa matunda, tuseme ukweli. Programu zikarekebishwa, na Windows 7 ya mwaka 2009 ikapunguza maswali na kuweka ngazi 4 za kuchagua. Ninachokataa ni kumfanya msomaji fimbo ya kumchapia mtu mwingine. Msomaji aliyechoshwa hasomi tena. Kidole kinazoea kubonyeza Ruhusu kabla jicho halijafika kwenye jina la programu, na siku virusi vyenyewe vikibisha hodi, vitafunguliwa vivyo hivyo.

Sasa linganisha na M-Pesa. Ukituma pesa, unaonyeshwa jina la mpokeaji kwanza. Nayo inakuchelewesha kidogo, lakini swali lake nina jibu: huyu ni mama mboga wangu ama si yeye? Vista ilikuambia programu isiyotambulika inataka kuingia kwenye kompyuta yako. Sasa kama kompyuta yenyewe haiitambui, mimi nitaijulia wapi?

Ndiyo maana sinunui ile hadithi kwamba lazima tuchague, usalama ama urahisi. Mtu anaweza kuvumilia swali likiwa linamhusu na analiweza. Ukimuuliza asilolijua, hujamlinda. Umejiandalia tu cha kumwambia akishaibiwa: si ulibonyeza mwenyewe?