Heko kwa kishikwambi cha zahanati

Huku Mpuguso, mkoani Mbeya, mvua za Tukuyu hazitoi likizo ndefu, wala kikohozi cha watoto. Mama akifika zahanati na mwanawe mwenye homa, mara nyingi huondoka na antibayotiki, hata kama ugonjwa ni wa virusi. Tabibu si mzembe: yuko peke yake, foleni ni ndefu, na anaogopa kumkosa yule mmoja mwenye nimonia.

Ndiyo maana nawapongeza watafiti wa Taasisi ya Afya Ifakara, wenzao wa Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu (NIMR) tawi la Mbeya na washirika wao wa Uswisi. Kati ya Desemba 2021 na Oktoba 2022, katika vituo 40 vya mikoa ya Mbeya na Morogoro, walijaribu programu iitwayo ePOCT+. Inakaa kwenye kishikwambi na kumwongoza tabibu swali kwa swali: mtoto anapumua mara ngapi kwa dakika, oksijeni ikoje kidoleni, tone la damu linasema nini. Palipotumika programu, watoto walioandikiwa antibayotiki siku ya kwanza walikuwa asilimia 23; kwingine, 70. Na waliokuwa hawajapona wala kupata nafuu siku ya saba? Karibu sawa pande zote, chini ya asilimia 4.

Takwimu hiyo ya mwisho ndiyo ninayoivulia kofia. Kupunguza dawa ni rahisi. Kupunguza bila kumdhuru mtoto ndiyo kazi. Nayo ilifanywa na matabibu wa zahanati za kawaida, wala si mabingwa wa hospitali ya Muhimbili.