Kupima Mwendo Ndani ya Miwani ya Uhalisia Pepe

Usihadaike na milima mizuri na machweo ya kupendeza. Ukivaa miwani ya uhalisia pepe, angalia kwanza mchezo unakuondoaje ulipo, unakugeuzaje na unakusimamishaje. Ufundi uko hapo, na tumbo huchafukia hapo hapo.

Kizunguzungu huja pale macho yanaposema tunakwenda, huku sikio la ndani likisema tumekaa. Mwendo wa kasi moja huvumilika. Taabu ni kasi inapopanda na kushuka. Kwa hiyo sukuma kijiti cha rimoti, kisha kiachie. Mwendo uliotengenezwa vizuri huanza mara moja na kukoma mara moja. Ule unaojikongoja kama lori likipanda mlima wa Kitonga hurefusha ugomvi wa macho na sikio.

Kisha geuka kwa kijiti hicho. Wanaojua kazi hukupa hiari ya kugeuka kwa mkato, tuseme nyuzi 30 au 45 kwa mara moja, ili macho yasiburuzwe duara zima. Mchezo wa Half-Life: Alyx, wa mwaka 2020, unakuachia uchague: utembee mfululizo, au uelekeze rimoti mahali, ujikute umeshafika. Mchezo usiotoa uchaguzi huo uwe na sababu nzito.

Programu ya Google Earth VR nayo ina mbinu ya kusifiwa: ukianza kuruka, pembezoni mwa picha hufunikwa, katikati pakabaki wazi, kwa sababu mwendo unaopita kando ya macho ndio unaosumbua zaidi. Kifuniko kizuri huingia na kutoka bila kukushtua. Na wapo waliokwepa tatizo zima: katika mchezo wa Beat Saber wewe umesimama, vipande ndivyo vinavyokujia.

Jaribio la mwisho ni la kichwa. Tazama ukingo wa mlango, ugeuze shingo haraka. Ukingo ukitetemeka au ukichelewa kukufuata, idadi ya picha kwa sekunde haitoshi; 90 ni kiwango kizuri, na hakuna hila ya mwendo itakayoziba pengo hilo. Kamera inayorukaruka kuigiza hatua za miguu, wakati miguu yako imetulia, mimi huihesabu kosa lisilosameheka.

Mate yakianza kujaa mdomoni au jasho la baridi likikutoka, vua miwani palepale. Usijikaze, maana kujikaza huzidisha, na kichefuchefu kinaweza kukuandama saa kadhaa.