Salfa, Msumeno na Mkorosho: Jinsi Zao la Mtwara Lilivyofufuliwa

Katika msimu wa 1973/74 Tanzania ilivuna takriban tani 145,000 za korosho, na sehemu kubwa ya mzigo huo ilitoka Mtwara na wilaya za jirani. Walakini ulipofika msimu wa 1986/87 mavuno ya nchi nzima hayakufika tani 20,000, na viwanda vya kubangulia vilivyojengwa kwa mkopo wa Benki ya Dunia vikakosa korosho za kubangua. Jinsi zao hilo lilivyofufuliwa yastahili kuchambuliwa, kwa sababu waliolifufua hawakuwa watu wa kurukia mambo kichwa kichwa, bali watu wa hadhari, walioigawa hatari vipande vipande, hata kila kipande kikawa kidogo kiasi cha mkulima kuweza kukistahimili kikimwendea kombo.

Mushkeli wa kwanza ulikuwa kujua ni nini hasa kilichoharibika. Operesheni Vijiji ya miaka ya 1970, iliyowahamishia watu katika vijiji vya pamoja, ilikuwa imewatenga wengi na mikorosho yao. Bei aliyolipwa mkulima ilikuwa haba. Mikorosho mingi ilikuwa imepandwa kwa kusongamana. Na mwishoni mwa miaka hiyo ukazuka ugonjwa wa ukungu uitwao ubwiriunga. Aliyelaumu bei alikuwa na hoja, maana asiyeona faida hapalilii. Aliyelaumu vijiji naye alikuwa na hoja, maana shamba la mbali halitembelewi. Na wakati watu wakijadiliana, ukungu uliendelea kula maua.

Kituo cha utafiti cha Naliendele, kilicho nje kidogo ya mji wa Mtwara, kiliukata mjadala huo kwa njia nyepesi kuieleza na nzito kuitenda: katika shamba lile lile mikorosho mingine hupulizwa unga wa salfa na mingine huachwa, kisha mavuno ya kila upande hupimwa. Maadamu udongo ni mmoja, mvua ni moja, na bei ya mnunuzi ni moja, tofauti itakayoonekana haina pa kujificha. Salfa ilidhihirisha kwamba mti ulioonekana umezeeka ulikuwa na uwezo wa kuzaa, ila ulinyang'anywa maua yake kabla hayajatunga.

Ubwiriunga ni adui mwenye hila. Hushika viungo vichanga tu, yaani machipukizi na mashada ya maua, ukiyafunika kwa vumbi jeupe mithili ya unga wa muhogo, hata yakawa ya kahawia na kupukutika. Majani yaliyokomaa huyaacha salama, na hivyo mkorosho husimama na kijani chake, umependeza kwa mpita njia, ilhali hauna hata bibo moja. Fauka ya hayo, msimu wa maua ukiisha ukungu hujihifadhi katika machipukizi yanayoota ndani ya mti, penye kivuli. Kwa hiyo kazi huanza kwa kuyaondoa machipukizi hayo, kisha salfa hupulizwa maua yanapoanza, ikarudiwa kila baada ya majuma kadhaa, alfajiri, wakati upepo umetulia na umande ungali juu ya majani ili unga ushike. Na salfa hukinga, haifufui ua lililokwisha kufa. Mkulima hana budi kutoa fedha mwezi Juni au Julai, hajaona kitu, akitumaini malipo ya Oktoba. Akingoja mpaka ugonjwa umwonekee wazi, amenunua hasara mbili kwa mkupuo.

Wazee wa kusini walikwisha kuona uthubutu wa namna nyingine. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianzisha mradi wa karanga, Nachingwea ikiwa mojawapo ya vituo vyake, pasipo majaribio ya maana ya udongo na mvua. Mwaka 1951 ukaachwa, baada ya kuteketeza kiasi cha pauni milioni 36. Bandari ya Mtwara, iliyojengwa kwa ajili ya karanga hizo, leo hupakia korosho.

Hatua iliyohitaji moyo zaidi ni ile ya msumeno. Mkorosho usiozaa vizuri hukatwa ukabaki kisiki, machipukizi yake yakapunguzwa, na juu ya yale yaliyoachwa vikabebeshwa vikonyo kutoka miti iliyopimwa kwa miaka na kuthibitika ubora wake. Kumwambia mtu aukate mti alioachiwa na baba yake si jambo dogo, na nadhani wataalamu walifanya busara kuu kutokumwambia aikate yote: aanze na ile michache ambayo yeye mwenyewe anajua haimpi kitu, na katika uwazi wa jua uliopatikana apande mihogo au kunde mpaka mti mpya uzae.

Msimu wa 1999/2000 nchi ilivuna tani 121,000 hivi, na ule wa 2017/18 zaidi ya tani 300,000, ingawa bei nzuri na biashara huria navyo vilichangia. Salfa nayo haikukosa taksiri, kwani huongeza tindikali katika udongo wa kichanga. Watafiti wakaleta dawa za maji, ambazo hutumika kwa kiasi kidogo kwa kila mti. Lakini juu ya uwanda wa Makonde, Newala na Tandahimba, maji ni adimu, na ya kuchanganyia dawa yapasa kutolewa katika yale yale ya kupikia na kunywa. Ndiyo maana huko wakulima wengi hawakuuacha unga.