Kusoma kwa Rula

Chuoni mtu husoma ili aelewe, na akishaelewa husonga mbele. Mazoea hayo ndiyo ya kwanza kuvunjwa mwanafunzi wa Kiswahili anapokwenda fildi katika nyumba ya uchapishaji. Jicho lililozoea kutafuta maana haliangalii herufi: likikutana na "wanafuzi" hujaza lenyewe ile n iliyopotea, likapita. Mhariri amejifunza kulizuia. Huweka rula chini ya mstari, ili mstari unaofuata usimvute, kisha husoma silabi kwa silabi, bila kumwamini mwandishi, wala mpangaji wa kurasa, wala yeye mwenyewe.

Tena hasomi mara moja. Mswada mpya huupitia kwanza bila kalamu mkononi, apate kujua kitabu kinataka kusema nini na kama sura zake zinafuatana. Mara ya pili hushughulika na lugha. Mara ya tatu huziacha sentensi kabisa, akafuatilia mambo madogo. Je, vichwa vya sura vinalingana na orodha ya yaliyomo? Jedwali la 4 linalotajwa, lipo? Mhusika aliyezaliwa mwaka 1958 amekuwaje askari mwaka 1964? Kila mzunguko una kazi yake, na anayetaka kuzifanya zote kwa mkupuo mmoja hakamilishi hata moja.

Pembeni pake huwa na karatasi ya maamuzi. Tuandike "namba" au "nambari"? "Rais" kwa herufi kubwa kila mahali, au pale tu panapotajwa jina? Kamusi inaweza kuruhusu yote mawili, lakini kitabu kimoja hakistahimili. Lililoamuliwa ukurasa wa 9 sharti lishikwe hadi ukurasa wa 190, na karatasi ile ndiyo kumbukumbu ya chumba kizima. Mhariri akiugua, mwenzake huichukua na kuendelea palepale kitabu kilipofikia.

Kwa mwanafunzi, hayo yote ni mepesi kuliko somo la kuacha. Amefundishwa Kiswahili sanifu miaka mingi, na akikutana na mhusika wa Unguja anayesema "n'shamwambia," mkono humwasha. Hapo mama mhariri anayemwongoza humwuliza kwa upole, "Mwanangu, nani anasema hapa? Wewe au yeye?" Adam Shafi aliiita riwaya yake Vuta N'kuvute, na Mkuki na Nyota wakaitoa hivyohivyo mwaka 1999. Kalamu yenye haraka ingeandika "nikuvute" na kumnyang'anya Mzanzibari sauti yake tangu jaladani. Kalamu nyekundu anaweza kuishika yeyote. Ustadi ni kutofautisha kosa na chaguo la mwandishi, na pale tofauti isipoonekana, kuuliza. Mhariri huandika swali pembezoni, fupi na lenye adabu: "Uk. 43 Mwajuma ni dada yake. Hapa ni binamu. Tufuate lipi?" Mwandishi hulijibu akijua kwamba kitabu bado ni chake.

Kurasa zikishapangwa hurudi zikiwa prufu, na prufu huja na makosa yake mapya. Programu ya kupangia kurasa isipoelekezwa hukata maneno mwishoni mwa mstari kwa kanuni za Kiingereza, hata "wanafunzi" likavunjwa baada ya f, ilhali silabi yetu ilitaka kuishia kwenye irabu. Programu ya kukagua tahajia nayo huipitisha "swala la ardhi" bila kinyongo, maana swala yupo, ila mbugani. Kwa majedwali na manukuu, watu wawili huketi pamoja. Mmoja husoma mswada kwa sauti, alama zote zikiwemo, "fungua semi, mkato, nukta, aya mpya," na mwingine hufuata kwenye prufu. Mara nyingi anayesoma ni mwanafunzi. Koo humkauka, lakini huko ndiko anakoanza kusikia sentensi inapobeba mzigo na inapolemewa nao.

Halafu kuna hesabu, ambazo hakuna aliyemwonya kwamba atazikuta. Kiwanda kikichapa karatasi kubwa zinazokunjwa kuwa kurasa 16, basi kitabu cha kurasa 208 hujaza karatasi 13 barabara. Kikifika kurasa 210 kinadai karatasi ya 14, na kurasa 14 hubaki tupu kwa gharama ya nyumba. Mhariri hapunguzi hoja ya mtu kwa sababu hiyo. Hutafuta aya zinazoishia na neno moja peke yake katika mstari wa mwisho, akalivuta neno hilo juu kwa kubana nafasi au kufuta "kwamba" isiyo na kazi. Mstari mmoja hapa, mwingine kule, mpaka kurasa mbili zimepatikana na mwandishi hajapoteza kitu. Hata namba ya ISBN huhakikiwa kwa kalamu. Ya Tanzania huanza kwa 978, ikafuatwa na namba ya nchi kama 9976 au 9987; tarakimu zake 13 ukizizidisha kwa 1 na 3 kwa kupokezana, jumla lazima igawanyike kwa 10. Isipogawanyika, kuna tarakimu iliyokosewa.

Jioni mwanafunzi hujaza daftari ambalo msimamizi wa chuo atalikagua: "Leo nimesoma prufu." Nafasi iliyoachwa hapo haitoshi zaidi ya hilo. Mama mhariri ana kipimo kingine. Hahesabu alama ambazo kijana ameziweka ukurasani, huonyesha mojawapo kwa ncha ya kalamu na kuuliza, "Kwa nini hii?" Kisha huonyesha sentensi ambayo haijaguswa na kuuliza vilevile. Kijana anayeweza kutoa sababu ya alama yake, na sababu ya kuliacha lililoachwa, hupewa sura inayofuata.